Kuomba ukaguzi wa OSHA Tabora: kwenye tathmini, usitafute mchawi

Usajili wenyewe si kazi. Unaingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, unajaza jina la karakana, TIN, idadi ya wafanyakazi na mashine ulizonazo. Jaza alfajiri, mtandao ukiwa bado una pumzi. Malipo yoyote ni kwa kontro namba, si mkononi mwa yule kijana wa nje ya steshenari "anayejuana na watu".

Kinachokula muda ni tathmini ya vihatarishi, ambayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri aifanye. Sisi tunapasua mninga. Fundi mmoja alikatwa ncha ya kidole na msumeno wa duara, na mshauri tuliyemlipa akaandika: chanzo, uzembe, hatua, barua ya onyo. Hela ikaenda, tathmini ikaanza upya, maana kuhusu mashine hakuandika hata mstari.

Zunguka na mafundi wenyewe, meneja abaki ofisini. Akiwepo, kila kitu "kiko poa, bosi". Simama kwenye mashine moja, uliza kazi inakwendaje siku oda imebana, siyo bango la ukutani linasemaje. Kisha uliza kwa nini, na tena kwa nini. Kwetu, kinga ya msumeno ilikuwa imevuliwa. Kwa nini? Mbao nene hazikupita. Mbona hakuna kinga ya kupandisha na kushusha? Ombi lake lilikuwa limelala kwenye droo ya manunuzi. Na jioni ile umeme ulikuwa ndiyo umerudi, kila mtu anawahi kabla haujakatika. Jina la fundi halikuhitajika popote.

Kwenye safu ya hatua, anza na mashine: kinga, swichi ya dharura, kivuta vumbi, kwa kuwa vumbi la mbao husababisha saratani. Zamu na mafunzo vifuate, barakoa mwisho. Glovu kwenye msumeno usiziandike kabisa; zikinaswa, zinavuta mkono.

Daftari la ajali likiwa jeupe, usishangilie. Waulize watu kuhusu zile za nusura, na waahidi kwa maandishi kwamba hakuna barua itakayofuata. Madai ya fidia yanakwenda WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huko mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kosa la mwajiri ndipo alipwe, kwa hiyo usiyachanganye humu.

Mkaguzi akifika, fundi wa mashine ndiye aeleze. Meneja ashughulikie chai.