Jinsi ya kuomba ridhaa ya mshiriki wa utafiti Nakivale

Wanafunzi wa uzamili wa tiba wanaotoka Mbarara kuja Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, kukusanya data huanzia kwangu. Mimi ni muuguzi, naratibu utafiti, na Kiswahili nimekulia nacho kwenye kambi ya jeshi alikokuwa baba. Huku wilayani Isingiro wakimbizi wengi ni Wakongomani na Warundi, kwa hiyo Kirunyankole cha sokoni na Kiingereza cha wodini havitakufikisha mbali.

Makaratasi nitayapitia upesi. Pendekezo lipite kamati ya maadili, kisha lisajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa kuwa unaingia makazi ya wakimbizi, tafuta pia ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ukiwa unajaribu dawa, Mamlaka ya Taifa ya Dawa nayo ina neno lake. Fomu ya Kiswahili igongwe muhuri wa kamati sawa na ile ya Kiingereza, nawe utazame tarehe ya mwisho kwenye muhuri kabla hujapanda gari. Kabla ya kuipeleka kwenye kamati, msomee kwa sauti VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, wa kijiji utakachofanyia kazi. Pale anaposita, andika upya.

Kazi yenyewe inaanza mnapokaa chini. Tafuta mahali ambapo jirani hasikii, hata kama ni chini ya mwembe nyuma ya kituo cha afya. Usimtumie mtoto wa mshiriki wala rafiki yake kuwa mkalimani. Koti jeupe liache kwenye gari. Ukilivaa, mama anaona daktari, na daktari hakataliwi. Msalimie, muulize watoto waliamkaje, kisha umwambie mapema kabisa: "Mama, sikuja kukutibu. Nimekuja kujifunza jambo, na naomba msaada wako. Ukikataa, dawa zako hapa kituoni utaendelea kuzipata vilevile." Kwa maoni yangu maneno hayo ni mazito kuliko kurasa zote zinazofuata. Kati ya 1932 na 1972 kule Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walidhani wanatibiwa, kumbe walikuwa wakitazamwa tu, na hata penisilini ilipopatikana hawakupewa.

Damu ndiyo inayoleta maneno mengi, kwa hiyo usiipitie juu juu. Beba kichupa kitupu, kiweke mkononi mwake, akigeuze. Ukisema "mililita 10" hujasema kitu. Sema vijiko viwili vya chai, na kijiko uwe nacho. Taja utachukua mara ngapi, damu itapimwa wapi, nani atampa majibu na lini. Kama itasafirishwa nje ya Uganda, sema. Kama unataka kuihifadhi kwa utafiti wa baadaye, hilo lina ridhaa yake peke yake: anaweza kukubali utafiti na kukataa damu yake kuwekwa akiba. Uvumi kwamba damu inauzwa utausikia. Usiucheke. Jibu swali, halafu nyamaza umpe nafasi ya kuuliza lingine.

Kwenye jaribio la makundi mawili, ambapo kompyuta humpangia kila mshiriki kundi kwa bahati nasibu, wanafunzi hutumbukia katika maelezo marefu ya hiyo kompyuta. Mimi nakunja vikaratasi viwili, namwambia achague kimoja macho yamefumbwa, kisha naeleza kwamba hata mimi sichagui nani aende kundi gani. Inatosha.

Ukimaliza, usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, kwa adabu. Uliza hivi: "Nikiondoka, jirani akikuuliza huyu alikuja kufanya nini, utamwambiaje?" Akijibu "amekuja kunipa dawa nzuri", rudi mwanzo. Akisema unajifunza kuhusu ugonjwa fulani na anaweza kujitoa siku yoyote, mko pamoja. Nauli na fidia ya muda wake zitaje kama zilivyoandikwa, lakini baada ya hapo, hela isije ikamjibia.

Asiyejua kusoma ataweka dole gumba, na shahidi asiyekuwa wa timu yako atasaini. Shahidi huyo awe amekaa nanyi tangu mwanzo. Kumwita mpita njia dakika ya mwisho aje kusaini ni uongo, hata kama fomu imejaa vizuri. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayeridhia, lakini mwenye miaka 8 na kuendelea aulizwe mwenyewe kwa maneno ya umri wake, na akikataa umwache.

Nakala moja ya fomu ni ya mshiriki. Hapa fikiri kidogo: kama utafiti wako unahusu VVU, karatasi hiyo ikikutwa na mume chini ya godoro inaweza kumletea balaa. Mweleze ni haki yake kuondoka nayo, muulize kama angependa itunzwe kituoni, kisha fuata anachosema, si unachodhani.

Wapo watakaosema hapana. Shukuru, usiulize sababu mara mbili, jaza kwenye daftari la waliokataa bila jina, uende kwa mwingine. Daftari hilo huwa nalisoma jioni. Mwanafunzi akinirudishia ukurasa mtupu wiki nzima, Jumatatu nakwenda naye, nakaa kando nikimsikiliza anavyoongea.