Mkurugenzi wa Kampuni Tanga: Linda Mali Yako Kabla ya Kusaini

Deni la kampuni ni la kampuni, mpaka usaini dhamana binafsi benki, yaani ahadi kwamba wewe mwenyewe utalipa kampuni ikishindwa. Ukurasa huo usome mara mbili: kiwanja chako cha Ngamiani kinaweza kupigwa mnada ingawa mkopo ulinunua lori la kubebea mkonge.

Kodi ya mishahara ilipwe TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kupita tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ukiikata kwa wafanyakazi kisha ukanunulia dizeli (wengi hunasa hapa), TRA inaweza kukudai wewe mwenyewe.

Kampuni ikitaka kupanga ghala lako, Sheria ya Makampuni ya 2002 inakutaka utangaze maslahi yako binafsi kwenye kikao cha wakurugenzi. Yaandikwe kwenye muhtasari.

Ukijiuzulu, hakikisha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wamepewa taarifa. “Mkurugenzi wa jina tu” si utetezi.