Ndugu yako kapewa barua ya kuondoka Uingereza? Anzeni na mtoto

Nyie mnaopigiwa simu usiku hapa Dar, "kaka nimepewa barua ya kuondoka", cha kwanza muulizeni barua ina tarehe gani. Kama ana haki ya rufaa na bado yuko kule, kawaida ni siku 14 tu, kwahiyo vilio baadaye, atafute wakili aliyesajiliwa kule kwa kesi za uhamiaji.

Halafu mjue jaji anapima nini. Serikali kuamua nani akae nchini kwake, hilo mahakama haibishi. Ila ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu inalinda maisha ya familia, so jaji anaangalia kama kumtoa huyu mtu kunaumiza familia kupita kiasi. Mapenzi yaliyoanza wakati mtu hana kibali yana uzito mdogo, sheria yao imeandika hivyo. Mtoto ndo anabadilisha kesi.

Someni kesi inaitwa ZH (Tanzania), Mahakama ya Juu ya Uingereza, 2011. Mama Mtanzania, kaomba ukimbizi mara tatu, mbili kwa majina ya uongo, rekodi mbovu kabisa, lakini ana watoto wawili raia wa Uingereza, miaka 12 na 9, na baba yao yuko hukohuko. Jaji Lady Hale akasema maslahi ya mtoto yaangaliwe kwanza na watoto wasibebeshwe makosa ya mama. Akashinda! Sio kwamba kila mwenye mtoto anashinda, na mtu aliyefungwa miezi 12 au zaidi njia yake ni ngumu mno, lakini mtoto akiwa raia au kaishi kule miaka 7 mfululizo, swali kubwa ni kama ni sawa kumtaka aondoke.

Kwahiyo kusanyeni ushahidi wa malezi. Barua ya shule iseme nani anamleta mtoto asubuhi, nani anakuja vikao vya wazazi, "ni mama mzuri" haisaidii kitu.

Na nyie wa huku mkiandika barua za kumsaidia, msiandike eti hana mtu Dar wakati bibi yuko Mbagala na wanaongea WhatsApp kila Jumapili, wakigundua hata ya kweli hawayaamini tena. Andikeni bibi ana umri gani, anaumwa nini, nyumba ina vyumba vingapi, mtoto Kiswahili anakijua au hata salamu hawezi. Barua za Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, scan zitumeni leoleo, orijino mkae nazo mpaka wakili aziombe.