Kuanzisha blogu Instagram na kuifanya ikue

Wengi wanaoanza huulizia kamera na taa. Swali la kwanza liwe jingine: ni nani, akiwa na shida gani, ataiona posti yako na hapohapo kumtumia mtu mwingine? Januari 2025 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza kwamba vitu vitatu vyenye uzito zaidi katika kuamua posti ifike wapi ni muda ambao watu wanaitazama, laiki, na mara inazotumwa kwa wengine. Laiki zina nguvu kidogo zaidi kwa watu wanaokufuata tayari. Kutumwa kuna nguvu zaidi kwa wasiokujua, na blogu changa haina watu wengine isipokuwa hao wasioijua. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo.

Mada, na orodha ya vichwa 30

"Mitindo" si mada, ni soko zima. "Kurekebisha nguo nyumbani bila cherehani" ni mada. Ipime kabla hujafungua akaunti: kaa uandike vichwa 30 vya posti kwa mkupuo mmoja. Ukikwama kwenye cha 12, ama huijui mada vya kutosha ama umeibana mno. Ukifika 30 lakini kimoja kinamhusu bibi harusi, kingine fundi mwenye duka na kingine mzazi mwenye sare za shule zilizochanika, umeipanua mno na hakuna hata mmoja wao atakayekaa. Orodha ikikubali, itunze. Kwa posti mbili kwa wiki inakutosha miezi mitatu na ushei.

Akaunti yenyewe

Jina la mtumiaji lina kikomo cha herufi 30. Chagua linaloweza kutajwa kwenye simu na mwenzako akaliandika bila kuuliza. Nukta nyingi na tarakimu za mwisho hupoteza watu, tena humrahisishia tapeli kazi ya kukuiga, maana hakuna anayekumbuka kama ni 01 au 10.

Lile jina la pili, linalokaa juu ya maelezo yako, watu wengi hulipoteza bure kwa kurudia jina lilelile. Kumbe nalo linatafutika. Liandikie mada: "Nguo Tena | kurekebisha nguo kwa mkono". Fikiri kabla ya kuliandika, kwa sababu linabadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14.

Maelezo ya wasifu yana herufi 150. "Mpenda mitindo, mwenye ndoto kubwa, karibuni sana" hayamwambii mgeni atapata nini. Linganisha na haya: "Zipu, vifungo, pindo, matundu. Sindano na uzi tu. Posti mpya Jumanne na Ijumaa." Mtu mwenye zipu mbovu ameshajua yuko mahali pake. Viungo vya kwenda nje unaruhusiwa hadi vitano, ila kimoja hubofywa zaidi kuliko vitano. Kiungo ukikiweka ndani ya maandishi ya posti hakibofyeki, kwa hiyo usisumbuke.

Badilisha akaunti iwe ya kitaalamu. Ni bure, na bila hiyo huoni takwimu. Utaulizwa uchague ya mtayarishi wa maudhui au ya biashara. Kama huna duka, chagua ya kwanza, kwa sababu akaunti za biashara hunyimwa sehemu kubwa ya muziki kutokana na leseni. Tangu Julai 2025 posti za akaunti za kitaalamu zilizo wazi zinaweza kuonekana pia kwenye Google. Hiyo ni sababu nyingine ya kuandika maneno ambayo watu hutafuta kweli: "zipu imekwama", si "siri ya mwonekano wako".

Usalama ufanye siku hiyohiyo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu inayotengeneza namba za kuthibitisha (authenticator) badala ya SMS, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli. Andika kwenye karatasi zile namba za akiba utakazopewa za kuingilia ukipoteza simu. Barua pepe ya akaunti iwe na nenosiri lake peke yake. Utakapoanza kukua utaletewa inboksi ujumbe wa "umekiuka hakimiliki, bofya hapa ndani ya saa 24". Usibofye. Barua pepe za kweli kutoka Instagram huorodheshwa ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya nenosiri na usalama. Isipokuwemo humo, ni wizi.

Kabla ya kualika watu

Weka posti sita hadi tisa kwanza, kimya kimya. Mgeni anayefika kwenye wasifu hutupa jicho kwenye vijipicha vilivyopo kisha akaamua. Akikuta viwili, anaondoka. Bandika tatu bora juu kabisa. Tangu Januari 2025 vijipicha hivyo ni vya wima, kwa uwiano wa 3:4, si mraba tena. Picha ya 4:5 (pikseli 1080 kwa 1350) hukatwa kidogo pembeni, basi maneno yakae mbali na kingo.

Karuseli, slaidi kwa slaidi

Kwa blogu ya kufundisha, karuseli, yaani posti moja yenye picha kadhaa za kutelezesha, ndiyo farasi wa kazi. Tangu Agosti 2024 inabeba hadi picha 20, lakini saba zinatosha mambo mengi. Tuchukue zipu inayoachia nyuma baada ya kufungwa.

Slaidi ya kwanza: picha ya karibu ya zipu iliyoachia, na maneno "Zipu inaachia? Meno yake ni mazima." Inamhakikishia mtu kwamba nguo haijafa. Ya pili: kichwa cha zipu, kile kidude unachokivuta, kikionekana ubavuni pale kilipopanuka. "Kichwa kimelegea, hakibani meno tena." Ya tatu: kichwa kirudishwe hadi mwanzo wa zipu, koleo ndogo ikiwa mkononi. Ya nne: bana kidogo upande wa kushoto, kidogo upande wa kulia, kisha jaribu. Ya tano ni ya kosa: ukibana kwa nguvu mara moja, kichwa kinapasuka au kinagoma kutembea kabisa. Ya sita: isipokubali, badilisha kichwa, na namba iliyo mgongoni mwake, kama 3 au 5, ndiyo saizi ya kuulizia. Ya saba: "Mtumie mwenye jaketi lisilofunga."

Sentensi hiyo ya mwisho haiombi laiki, inamtaja mtu. Msomaji humkumbuka mmoja papo hapo. "Share kama umependa" haimkumbushi yeyote.

Slaidi ya pili ina kazi ya ziada. Mtu akiipita karuseli bila kuigusa, Instagram inaweza kumrudishia baadaye ikianzia slaidi nyingine. Kwa hiyo ya pili nayo lazima ijitegemee. Ukiiandika "Hatua ya kwanza ni…" umepoteza nafasi ya bure.

Maandishi ya chini yanaruhusiwa hadi herufi 2,200, ila yanayoonekana kabla ya mtu kugusa "zaidi" ni kama 125 tu. Salamu zisiingie humo. "Kabla hujatupa jaketi kwa sababu ya zipu, angalia kichwa chake kwa ubavu" inamvuta mtu ndani. Heshitegi tatu hadi tano za mada yenyewe zinatosha, na usizitegemee zikuletee umati. Maneno ya kawaida ndani ya maandishi ndiyo yanayosaidia utafutaji.

Rili

Rili ni video fupi. Ipige kwa wima, 1080 kwa 1920. Acha wazi sehemu ya chini na ubavu wa kulia, maana vitufe vitafunika maandishi. Anza na tatizo likiwa mkononi: zipu inafungwa, inaachia. Sekunde mbili zinatosha. "Habarini za muda huu, karibuni tena kwenye ukurasa wangu" ni mahali ambapo mstari wa watazamaji huporomoka, na takwimu zitakuonyesha mteremko huo waziwazi. Weka maandishi ya maneno unayosema, kwani wengi hutazama bila sauti. Rili inayozidi dakika tatu haipendekezwi kwa wasiokufuata, lakini kwa somo la aina hii sekunde 30 hadi 60 ni nyingi tayari.

Sauti mbaya hufukuza watu kuliko picha mbaya. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia, matandiko au nguo nyingi, simu ikiwa karibu na mdomo. Video iliyotoka mtandao mwingine isibaki na nembo yake, kwa kuwa nembo hiyo inapunguza nafasi ya kupendekezwa.

Ukiona kitufe cha rili ya majaribio kwenye akaunti yako, kitumie kulinganisha mianzo miwili ya somo moja. Rili hiyo huonyeshwa kwanza kwa watu wasiokufuata, na unaweza kuamuru isambazwe kwa wafuasi ikifanya vizuri ndani ya saa 72.

Stori ni kitu kingine kabisa. Huishi saa 24 na huonwa zaidi na watu ulionao tayari, hivyo usizitarajie zikukuze. Zina faida moja kubwa: kisanduku cha maswali. Swali lililoulizwa na watu watatu kwa maneno yao ni kichwa cha posti ijayo, na uyaache maneno yabaki hivyohivyo.

Ratiba

Posti mbili kwa wiki kwa miezi mitatu zinashinda posti ya kila siku kwa wiki mbili halafu kimya. Andaa nne kwa mkao mmoja: vifaa vimeshatolewa, mwanga ni uleule. Zipange ndani ya programu yenyewe, ambayo inakubali hadi siku 75 mbele. Kisha saa ile posti inapotoka uwepo ujibu maoni. Jibu lenye maelezo huzaa swali la pili, ilhali emoji huua mazungumzo.

Kusoma takwimu bila kujidanganya

Baada ya siku saba andika kwenye jedwali, kwa kila posti: watu iliowafikia, wangapi kati yao hawakufuati, mara iliyotumwa, iliyohifadhiwa, na wafuasi iliyoleta. Halafu gawanya idadi ya kutumwa kwa watu waliofikiwa, uzidishe kwa 1,000. Tuseme posti moja imefikia watu 800 na kutumwa mara 24: hiyo ni 30 kwa kila elfu. Nyingine imefikia 5,000 na kutumwa mara 20: ni 4 tu. Jicho hukimbilia ile ya 5,000, lakini ya kurudia ni ile ndogo. Mada yake ipewe picha mpya, mwanzo mpya, kisha irudishwe baada ya wiki sita.

Jedwali pia linaonyesha ugonjwa uko wapi. Watazamaji wakiondoka sekunde ya pili, tatizo ni mwanzo, usiguse kingine. Wakitazama hadi mwisho lakini hawatumi, posti inapendeza tu bila kumsaidia mtu wanayemjua. Wageni wakiwa wengi na wafuasi wapya wachache, kasoro iko kwenye wasifu: maelezo hayafanani na posti iliyowaleta. Posti zote zikianguka kwa pamoja bila sababu, fungua Hali ya Akaunti kwenye mipangilio. Huko utaona kama kuna kitu kimekuzuia kupendekezwa, na unaweza kukata rufaa.

Sababu moja ya kuzuiwa huko ni kuposti kazi za watu. Aprili 2024 Instagram ilitangaza kwamba akaunti zinazorudia mara kwa mara maudhui ambayo hazikuyatengeneza zitaondolewa kwenye mapendekezo. Kurasa za "tumekukusanyia" ndizo zilizolengwa.

Njia za mkato

Wafuasi wa kununua hawatazami, hawatumi, hawahifadhi. Posti inapopelekwa kwa sehemu ya wafuasi wako na wengi wao ni maiti, mfumo unaona haivutii, nayo haiendi mbali. Kujirekebisha ni kazi ngumu, maana itabidi uwatafute na kuwaondoa. Zawadi za "fuata na taja marafiki watatu" huleta watu wa zawadi. Ikishatolewa wanabaki kimya au wanaondoka.

Kinachofanya kazi ni posti ya pamoja na mwenye mada jirani, tuseme anayefundisha kufua na kutoa madoa. Tengeneza karuseli nzima wewe, mpelekee ikiwa tayari, kisha mwalike awe mshirika wa posti ili ionekane kwenye kurasa zote mbili. Ombi la "tushirikiane" lisiloambatana na kazi iliyokamilika mara nyingi halijibiwi.

Ofa ya kwanza ya tangazo ikija, omba kwa maandishi idadi ya posti, muda zitakaokaa, na kama kampuni inataka kutumia video yako kwenye matangazo yake ya kulipia, kwani hilo lina bei yake. Weka lebo ya ushirikiano wa kulipiwa. Na picha asili, video zisizo na maandishi na orodha ya vichwa vyako zihifadhi nje ya simu. Instagram pia hukuruhusu kuomba nakala ya taarifa za akaunti yako, basi iombe kila baada ya miezi mitatu.