Kugundua Tetemeko kwa Kundi la Vihisi: Chelewesha Kwanza, Jumlisha Baadaye

Kihisi kimoja hupata taabu kutofautisha lori linalopita na tetemeko dogo la mbali. Kundi la vihisi huweza, mradi rekodi zake zijumlishwe kwa utaratibu. Tuchukue kituo cha ARCES kilichopo Karasjok, kaskazini mwa Norwei, ambacho tangu 1987 kina vihisi 25 vilivyopangwa kwa pete kuzunguka kitovu, katika eneo lenye kipenyo cha kilomita 3 hivi.

Chuja rekodi kwanza, ukibakiza, kwa mfano, hezi (mizunguko kwa sekunde) 2 hadi 8, ili mtikisiko wa polepole unaosababishwa na mawimbi ya bahari usifunike matetemeko ya karibu.

Kisha rekebisha muda wa kila rekodi kabla ya kujumlisha. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Wimbi linalokatiza eneo hilo kwa kasi ya kilomita 8 kwa sekunde hufika ukingo wa pili likiwa limechelewa sekunde 0.375. Kwa wimbi la hezi 4, huo ni mzunguko mmoja na nusu, kwa hiyo ukijumlisha bila marekebisho, kilele cha rekodi moja huangukia bonde la nyingine na zote mbili hufutana. Ukizisawazisha, wimbi hujengeka na kelele hufifia: vihisi 25 huweza kuongeza uwiano wa ishara na kelele mara 5, yaani kipeuo cha pili cha idadi yao, ingawa vilivyobanana mno husikia kelele ileile na faida hiyo hupotea. Kwa kuwa mwelekeo haujulikani mapema, andaa majumlisho mengi, kila moja likiwa na mwelekeo na kasi yake.

Katika kila jumlisho, gawanya wastani wa ukubwa wa mtikisiko wa sekunde 1 ya karibuni kwa wastani wa sekunde 30. Uwiano ukivuka kizingiti, tuseme 4, programu itangaze ishara na isimamishe wastani mrefu papo hapo. La sivyo wimbi la P, la tetemeko linalofika kwanza, litauvimbisha, na wimbi la S, la polepole zaidi linalofuata, lipite bila kuonekana.

Mwisho, kadiria kasi na mwelekeo wa kila ishara. Inayosafiri kilomita 0.34 kwa sekunde ni sauti ya hewani, iondoe. P na S zikitoka upande mmoja, zidisha sekunde zilizozitenganisha kwa 8, upate umbali wa kukadiria kwa kilomita.