Kumalizia kingo za mfarishi wa ukutani wenye umbo la jahazi

Kinachoamua namna ya kumalizia kingo ni kona zinazoingia ndani, si ukubwa wa kazi. Mfarishi (matabaka ya nguo yenye pamba katikati, yaliyoshonwa pamoja) wenye umbo la mlango wa Bagamoyo, tao juu na pande zilizonyooka, hauna kona ya ndani hata moja, kwa hiyo utepe wa mshazari unautosha. Jahazi ni habari nyingine. Lina mibonyeo miwili mikali, mbele na nyuma, pale tanga linapokutana na chombo, na juu kuna ncha ya foromali, yaani boriti inayobeba tanga. Ukilazimisha utepe humo utapata donge la nguo lisilolala hata kwa pasi.

Tuumalize utepe kwanza, maana hauna mengi. Kata nguo kwa digrii 45, upana sentimita 5.5. Mraba wa sentimita 50 unatoa karibu mita 4. Kunja utepe katikati kwa urefu, ushone milimita 7 kutoka ukingoni, kisha uugeuze nyuma na kuufunga kwa mkono. Kwenye tao usiuvute. Ulegeze kidogo kadiri unavyoshona. Ukiuvuta, ukingo mzima utajikunja kwa mbele na hautalala ukutani kamwe. Kwenye mkunjo mpole unaoingia ndani fanya kinyume: uvute kidogo, la sivyo utapiga mawimbi.

Kwa jahazi, tumia kitambaa cha kugeuzia, yaani kipande kinachoshonwa kwa mbele kisha kupinduliwa chote nyuma. Bafta nyeupe inafaa kuliko yote. Kanga pia inafaa kwa kuwa ni nyepesi, lakini ya rangi nzito, hasa nyekundu, iloweke kwanza mpaka maji yatoke meupe. Unyevu wa pwani ukishaingia, rangi inayochuja itatokea mbele.

Usikate umbo kabla ya kushona mistari ya kuunganisha matabaka. Mistari hiyo hukaza nguo, na jahazi lililokatwa mapema huishia dogo na limepinda. Maliza mistari yote, tandaza kazi mezani, weka kielezo cha karatasi juu yake na uchore umbo kwa chaki. Kisha shona juu ya mstari wa chaki kwa uzi wa rangi tofauti, ukipitisha matabaka yote. Mshono huu una kazi mbili: unazuia nguo kuvutika, na unaonekana upande wa nyuma.

Sasa weka bafta juu ya uso wa mfarishi, nzuri kwa nzuri, upige bandi, yaani mishono mirefu ya muda. Pindua kazi, ushone kutoka nyuma ukifuata ule mshono wa rangi. Wengi huchora umbo upya kwenye bafta wakasahau kugeuza kielezo, na jahazi likaelekea upande usiotakiwa. Ukishona kutoka nyuma shida hiyo haipo. Urefu wa mshono uwe milimita 2. Ukibakiza sentimita 2 kufika kona ya ndani punguza hadi milimita 1.5, na uendelee hivyo sentimita 2 baada yake. Kwenye ncha ya foromali usigeuke ghafla. Piga mshono mmoja au miwili ya kukatiza ncha, ili nguo ya ndani ipate pa kukaa. Ajabu yake, ncha iliyokatizwa hivi hutoka kali kuliko iliyogeuzwa papo hapo.

Punguza ukingo ubaki milimita 6, na kwenye ncha 3. Pamba ya katikati ikate hadi karibu kabisa na mshono. Halafu kona za ndani: ingiza ncha ya mkasi moja kwa moja kuelekea kona, usimame milimita 1 kabla ya uzi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiogopa na kuacha milimita 4, kona itabaki na mikunjo baada ya kupindua, na hakuna pasi itakayoiondoa. Ukikata uzi, tobo litatokea mbele. Penye tumbo la chombo toa vipembetatu vidogo kila sentimita 1.5.

Kata katikati ya bafta, ukiangalia usiguse mfarishi, ibaki fremu ya sentimita 6 kuzunguka umbo. Pindua. Sukuma ncha kwa kijiti butu, si kwa mkasi. Kabla ya pasi, pale cherehani inapofika, shona bafta pamoja na ukingo wa ndani, milimita 2 kutoka kwenye mshono, bila kushika uso. Mshono huo ndio unaozuia weupe kuchungulia mbele. Piga pasi ukivuta mshono milimita 1 upande wa nyuma. Kama katikati kuna pamba ya poliesta, weka kitambaa juu yake, kwa sababu pasi ya moto huiyeyusha na kuibana. Mwisho kunja ukingo wa bafta sentimita 1 na uushone kwa mkono, sindano ishike nguo ya nyuma tu.

Umbo hili lina tatizo moja zaidi: ncha ya tanga huinama mbele. Shona mfuko mdogo wa pembetatu nyuma ya ncha, utie kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye kifuniko cha ndoo. Mfuko wa ufito wa kutundikia ukae penye upana wa kutosha, si kileleni. Ufito uwe wa mbao au mwanzi, na kamba ya katani, ambayo mkoani Tanga haina haja ya kutafutwa mbali. Msumari wa chuma hushika kutu upesi kwa hewa ya bahari na kuchafua nguo. Tafuta kulabu ya shaba. Kwenye nyumba za mawe zilizopakwa chokaa, gundisha vipande viwili vya mbao vya sentimita 1 nyuma ya ufito, mfarishi usigusane na ukuta, na wakati wa masika uushushe kila baada ya wiki chache uupunge upepo.