Somo: Kupunguza mlundikano wa mashauri kwa kusoma takwimu za masjala

Mahakama ikielemewa, wengi hukimbilia kuomba mahakimu zaidi. Kabla ya hapo, fungua rejista.

Hatua ya 1: Andaa majedwali mawili. La kwanza, mstari mmoja kwa kila shauri: namba, aina, tarehe ya kufunguliwa na ya kumalizika. La pili, mstari mmoja kwa kila siku shauri lilipoitwa, na kilichotokea. Hili la pili watu hulikwepa maana lina kazi, nalo ndilo lenye siri zote.

Hatua ya 2: Gawa yaliyomalizika kwa yaliyofunguliwa, zidisha kwa 100. Tuseme yamefunguliwa 1,200, yameisha 1,140: ni asilimia 95, na mrundo umeongezeka kwa 60. Kama mwisho wa mwaka yamebaki 760, gawa kwa 1,140, zidisha kwa 365, upate siku 243: makadirio ya muda wa kuyamaliza yaliyobaki kwa kasi hiyohiyo. CEPEJ, tume ya Baraza la Ulaya inayoshughulikia ufanisi wa mahakama, hutumia hesabu hizi kulinganisha mahakama.

Hatua ya 3: Usilewe asilimia. Kesi za trafiki zikimalizwa haraka, asilimia hupaa huku mirathi ikiozea kabatini. Pima kila aina peke yake.

Hatua ya 4: Sababu za kuahirisha. "Limeahirishwa" pekee haisaidii kitu. Karani aandike: shahidi hakufika, wakili yuko mahakama nyingine, jalada halionekani, muda haukutosha. Chukua shauri lililoitwa mara 9, likaahirishwa mara 6 kwa kukosa shahidi. Ukifuatilia unakuta mara 4 samansi haikumfikia kabisa. Hakimu wa pili angesaidia nini hapo?

MASWALI

Mkuu, wastani wa umri wa mashauri hautoshi?
– Hautoshi. Shauri moja la miaka 14 linauvuta wastani wote. Yapange kwa umri, chukua la katikati.

Rejista zetu ni za karatasi, tuanzie wapi?
– Ingizeni yaliyo hai tu. Yaliyofungwa, chukueni kila la kumi.

Hakimu wetu anahofia kupimwa kwa namba hizi. Ana hoja?
– Anayo, tena nzito. Wa migogoro ya ardhi halinganishwi na wa trafiki. Na ukimkimbiza mtu kwa namba, atayatupa mashauri kwa dosari ndogondogo, kisha yarudi masjala yakiwa na namba mpya. Mimi huweka safu ya yaliyofunguliwa upya, na huianzia hiyo.